Kazi Mpya Imekuja, Kiinua Mgongo Bado

Mfanyakazi aliyesikia kwamba mwajiri wake anakusudia kupunguza watu, kisha siku hizohizo akapokea barua ya kuitwa kazini kwingine, huwa na swali moja: aondoke sasa, au asubiri alipwe? Mkoani Kigoma swali hili si geni. Mwaka 2025, fedha za misaada kutoka Marekani zilipopunguzwa, mashirika yanayohudumia wakimbizi yalilazimika kubana shughuli zake, na kambi za Nyarugusu wilayani Kasulu na Nduta wilayani Kibondo hazikusalimika. Madereva, walimu, wahudumu wa afya na makarani wa maghala walijikuta wakihesabu siku. Wakati huohuo ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, ambao mkataba wake ulitiwa saini Desemba 2022, umewapa wengi matumaini ya ajira nyingine.

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Ugumu hapa ni kujua mbachao ni upi. Kwa mmoja ni kazi anayoijua ya miaka tisa. Kwa mwingine ni barua ya ajira iliyo mkononi, kwa kuwa malipo anayoyasubiri bado ni maneno tu. Kwa hiyo tunashauri hesabu itangulie.

Mtaani neno kiinua mgongo hutumika kwa fedha zote anazopewa mtu anapoachishwa kazi. Katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 lina maana finyu zaidi: ni mshahara wa msingi wa siku zisizopungua 7 kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi mfululizo, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Anayestahili ni aliyekwisha kutimiza miezi 12 kazini na ambaye ajira yake imesitishwa na mwajiri. Tuchukue karani wa ghala anayelipwa shilingi 520,000 kwa mwezi na aliyetumikia miaka 9. Mshahara ukigawanywa kwa siku 26 za kazi, siku moja ni shilingi 20,000. Siku 7 ni shilingi 140,000. Kwa miaka 9 anapata shilingi 1,260,000. Hiyo haifiki mishahara ya miezi miwili na nusu. Na mwenzake aliyetumikia miaka 18 atahesabiwa 10 tu. Tumeona watu waliokataa kazi nzuri kwa kuamini kwamba wanasubiri fedha za kujengea nyumba, na hakuna aliyewaonyesha hesabu hii mapema.

Kiwango hicho ni cha chini kabisa kisheria. Mkataba wako wa ajira, au mkataba wa hali bora uliofungwa na chama cha wafanyakazi, unaweza kuwa umeahidi zaidi. Usome kabla ya kuamua, na usiridhike na anachokumbuka msimamizi wako.

Mbali na kiinua mgongo, anayepunguzwa hupata mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hakuichukua, na notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi si chini ya siku 28, au malipo badala yake. Kama aliajiriwa mahali pengine, tuseme Mwanza au Dar es Salaam, na ajira inakomea Kibondo, mwajiri anawajibika kumrudisha yeye na mizigo yake alikotoka au kumlipa gharama hizo, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri kusafirishwa. Kwa mwenye familia na vyombo vya ndani, fedha hizi zaweza kukaribia kiinua mgongo chenyewe, nazo ndizo husahaulika kwanza.

Lipo pia fao la upotevu wa ajira linalotolewa na NSSF. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake na hajapata kazi nyingine, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda wa miezi 6. Kwa karani wetu ni takribani shilingi 173,000 kwa mwezi, yaani kama shilingi 1,039,000 kwa muda wote. Ukijumlisha na kiinua mgongo unafika shilingi 2,299,000 hivi. Sasa ilinganishe na kazi mpya ya mshahara wa shilingi 450,000, ambao ni mdogo kuliko wa zamani: katika miezi 6 humletea shilingi 2,700,000. Kwa hesabu hii, kusubiri kuna faida iwapo kazi hiyo mpya haitakupotea, au iwapo unaendelea kulipwa mshahara wako kamili hadi siku ya mwisho.

Jambo linalowaponza wengi ni barua ya kuacha kazi. Anayeandika barua hiyo kabla ya kupunguzwa anabaki na mshahara wake, likizo yake na cheti cha utumishi, lakini hupoteza kiinua mgongo na fao la upotevu wa ajira. Hata awe na uhakika kwamba jina lake limo katika orodha, barua yake imebadilisha sababu ya kuondoka. Naye pia anadaiwa notisi. Akiondoka ghafla, mwajiri anaweza kumkata fedha za siku hizo. Hatari nyingine ni kuanza kazi mpya kimyakimya huku bado unalipwa kwingine. Ukigundulika, suala litageuka kuwa la utovu wa nidhamu, na aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hana kiinua mgongo.

Njia tunayoipendelea ni kuzungumza. Sheria inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe notisi ya kusudio hilo, atoe taarifa zinazohusika, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu sababu, namna ya kuepuka au kupunguza idadi, jinsi ya kuwachagua watakaoondoka, wakati wa kuondoka na kiinua mgongo. Hapo ndipo pa kusema: nina kazi inayonisubiri, naomba niwe katika kundi la kwanza na niruhusiwe kuondoka kabla notisi haijaisha. Mwajiri wengi hulipokea ombi hilo kwa nafuu, kwani linamwokoa mwenzako anayetaka kubaki. Lakini makubaliano yaandikwe, yataje kiasi na tarehe ya malipo, na yaseme waziwazi kwamba ajira imesitishwa kwa sababu ya upunguzaji. Mwandikie pia mwajiri mpya kumwomba asogeze mbele siku ya kuanza. Wiki tatu si ombi la ajabu.

Kuna kifungu kinachowageuzia kibao wanaosubiri. Mfanyakazi anayepunguzwa, lakini akakataa bila sababu ya msingi kazi mbadala, iwe kwa mwajiri wake au kwa mwajiri mwingine, anaweza kukosa kiinua mgongo. Sheria haikutoa orodha ya sababu za msingi. Kwa maoni yetu, mshahara ulioshuka sana au kituo kinachokutenga na watoto wanaosoma vinaweza kutetewa. Kusubiri fedha peke yake ni utetezi dhaifu. Ukikataa, toa sababu zako kwa maandishi.

Wenye mikataba ya muda maalumu, ambao kambini ni wengi, wawe waangalifu zaidi. Mkataba ukifika ukomo wake kwa tarehe iliyoandikwa, huko si kupunguzwa, na kiinua mgongo cha kisheria hakidaiwi. Kama mkataba wako unaisha mwezi ujao, huenda unasubiri kitu ambacho hakipo.

Kazi mpya nayo ipimwe. Utumishi unaanza kuhesabiwa upya, na katika miezi 6 ya kwanza sheria haikupi kinga dhidi ya kuachishwa kusiko halali. Uliza muda wa majaribio, uliza kama michango ya NSSF itapelekwa, usiache kazi kwa ahadi ya simu. Anayeitwa nje ya nchi, Kalemie au Bujumbura, akumbuke kwamba atakuwa chini ya sheria za nchi nyingine.

Tazama pia tabia ya mwajiri wa sasa. Anayechelewesha mishahara leo hatalipa kiinua mgongo kwa wakati kesho. Asipolipa, malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kujaza fomu namba 1: ndani ya siku 30 ikiwa unapinga kuachishwa kwenyewe, na ndani ya siku 60 kwa madai mengine. Nenda na mkataba, barua ya kusitishwa ajira, hati za mishahara na taarifa ya michango yako ya NSSF. Nakala zake zitoe mapema, ungali na ruhusa ya kuingia ofisini.