Ucheshi wa Kusahau na Kutoelewana katika Tamthilia Fupi

Watahiniwa wengi wanapoulizwa kuhusu ucheshi katika tamthilia, hutaja kisa fulani kisha huongeza kwamba kisa hicho kinachekesha. Jibu la aina hii halina uzito, kwani halionyeshi ucheshi umejengwaje wala una umuhimu gani. Makala haya yanafafanua vyanzo viwili vya ucheshi, yaani kutoelewana na kusahau. Tutarejelea tamthilia ya kitendo kimoja ya Mrusi Anton Chekhov (1860–1904), ijulikanayo kwa Kiingereza kama The Proposal, yaani Posa.

Muhtasari

Lomov, bwana wa miaka 35, anafika kwa jirani yake Chubukov kumposa bintiye, Natalya. Badala ya posa, wanagombania kipande cha malisho, kisha wanabishana kuhusu mbwa wa nani ni bora katika uwindaji.

Kutoelewana

Chubukov anapomwona Lomov amevalia rasmi, anashuku kuwa amekuja kukopa pesa. Analisema hili kando. Hadhira inalisikia, Lomov halisikii. Akishaelezwa ukweli, anafurahi na kwenda kumwita Natalya, lakini hamtajii posa. Anamwambia tu kwamba kuna mnunuzi aliyefuata bidhaa. Natalya basi anaingia bila kujua kwamba "bidhaa" ni yeye mwenyewe. Hiki ni kinaya cha kidrama: hadhira inajua jambo asilolijua mhusika. Kila neno kali analomrushia Lomov linaifukuza ndoa anayoitamani.

Kusahau

Lomov, kwa wasiwasi, anaanza kwa kuzungukazunguka. Anataja malisho kwa kupitisha tu, lakini Natalya anapodai kuwa ni yao, Lomov anasahau kabisa kilichomleta na kuondoka kwa hasira bila kutamka posa.

Natalya anapofahamishwa na babake, anaangua kilio na kuagiza mgeni arudishwe. Hapa mwalimu awatanabahishe wanafunzi: ugomvi wa kwanza ulizuka kwa sababu Natalya hakujua, wa pili, kuhusu mbwa, unazuka ingawa sasa anajua. Kutojua hakuwezi tena kuwa udhuru. Kiburi kimemsahaulisha lile aliloliliaa punde tu.

Umuhimu wa ucheshi huu

Mtu husahau lile lisilo na uzito moyoni mwake. Lomov anakumbuka historia ya malisho tangu enzi za nyanya ya shangazi yake, na pia bei ya mbwa wake, lakini posa inamponyoka. Ucheshi basi unakuza maudhui ya ubinafsi na ndoa ya masilahi. Aidha, unajenga sifa za wahusika na kuendeleza ploti. Hata baada ya Chubukov kuwaunganisha mikono, wachumba wanaendelea kubishana kuhusu mbwa.

Kwa mtahiniwa

Unapojadili ucheshi, jibu maswali matatu: Nani anajua na nani hajui? Ni nini kimesahauliwa, na ni nini kimekumbukwa badala yake? Je, hali hiyo inafichua nini kuhusu mhusika au jamii? Kila hoja iambatane na mfano kutoka kwenye tamthilia.

Zoezi

"Kicheko katika tamthilia hubeba ukweli mchungu." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea tamthilia yoyote uliyoisoma. (alama 20)