Mtoto Asiyeona Ubao Si Mzito wa Kuelewa

Mwanafunzi anayenakili maneno ubaoni kwa makosa mara nyingi huitwa mvivu. Kabla ya kumhukumu, apimwe macho.

Tatizo la kutoona mbali hutokea jicho linaporefuka kupita kiasi. Mwanga hukusanyika kabla ya kuifikia retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea taswira. Hivyo mtoto husoma daftari bila shida, lakini ubao, au mbuzi walio ng'ambo ya shamba, huwaona kama wamo ndani ya ukungu. Hali hiyo huanza zaidi katika umri wa shule na huweza kuongezeka hadi ujanani, kwa kuwa jicho bado linakua.

Utafiti uliofanyika jijini Mwanza kwa wanafunzi wa sekondari zaidi ya 2,500, na kuchapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulibaini kuwa takriban 6 katika kila 100 walikuwa na tatizo hilo. Wengi wao hawakuwa na miwani.

Wazazi na walimu wazingatie dalili hizi: kufinya macho, kusogea karibu na ubao, kushika kitabu karibu mno na uso, au kuumwa kichwa mara kwa mara. Mtoto azibe jicho moja kwa kiganja, kisha jingine, asome maandishi yaliyo mbali. Zipo hali ambapo jicho moja pekee ndilo lenye shida.

Tiba kuu ni miwani iliyopimwa. Si kweli kwamba miwani hudhoofisha macho, wala karoti haziondoi tatizo hili. Miwani ya kuazima au ya mnadani isitumike. Kwa kuwa macho hubadilika, mtoto apimwe upya angalau mara moja kwa mwaka.

Kucheza au kufanya kazi nje mchana kwa takriban saa mbili kila siku husaidia kuchelewesha tatizo kuanza. Anaposoma au kutumia simu, apumzishe macho kwa kutazama mbali.

Wananchi wanashauriwa kuanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako mtoto atapewa rufaa akihitaji vipimo zaidi. Mtoto mwenye weupe ndani ya mboni, makengeza au aliyepungukiwa uoni ghafla afikishwe hospitali bila kuchelewa.

Tusiwadhihaki watoto wanaovaa miwani. Kijana anayeificha mkobani kwa aibu hurudi kwenye ukungu uleule.