Boti ivujapo, usikimbilie pampu

WAKAZI wa Likoni wanaovuka kila asubuhi kwenda kisiwani hawana haja ya kufunzwa kwamba maji si mchezo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na ufuo, na watu 272 wakafa maji. Ajali ile ilitokana na kujaza watu kupita kiasi wala si tundu, na wapo abiria ambao hadi leo hutupa macho kuhesabu vichwa kabla ya kukaa chomboni. Lakini ni wachache wanaojiuliza kuna nini chini ya mbao wanazokanyaga.

Chini hapo ndipo ngama, yaani lile bonde la ndani ya chombo ambamo kila tone hukusanyika. Hebu tupige hesabu kidogo. Boti inayovuja lita moja tu kila dakika 10, kiasi ambacho hata mwenyewe huenda asikione, itakuwa imekunywa lita 144 kufikia kesho saa kama hii. Hiyo ni zaidi ya mitungi saba ya lita 20, na kila lita ina uzito wa kilo moja. Tena maji hayo hayatulii mahali pamoja. Boti ikilalia upande, nayo hukimbilia upande ule ule na kuilaza zaidi, hata wimbi dogo likaweza kuimaliza.

Sasa, sisi watu wa pwani tumelelewa na vyombo vya mbao, na mbao zina tabia yake. Mashua iliyoanikwa ufuoni wiki kadhaa hukauka, viungo vya mbao vikaachana. Siku ya kwanza ikishushwa majini huvuja kama kikapu, na hakuna anayepiga mayowe. Mabaharia huyafua maji kwa kopo huku wakipiga soga, mbao hunywa, hufura, na baada ya siku mbili tatu viungo vimebanana. Penye ufa wa kweli fundi hupiga kalafati, yaani pamba iliyotiwa mafuta ikashindiliwa kwa patasi butu, kisha chini hupakwa deheni ya chokaa na shahamu. Ni ufundi wa kale na haujapitwa na wakati.

Taabu huanza pale mazoea hayo yanapohamishiwa kwenye boti ya faiba. Faiba haifuri! Tundu la leo litakuwapo kesho, na aghalabu litakuwa limepanuka. Mwenye boti naye, badala ya kulitafuta, hununua pampu ya umeme inayojiwasha yenyewe maji yakifika kimo fulani, akaenda zake nyumbani Kisauni kulala. Pampu hiyo ni chombo kizuri, na kila boti yafaa iwe nayo, lakini pia ni hodari wa kuficha ugonjwa. Siku betri itakapokufa usiku wa manane, asubuhi atakuta boti imekaa juu ya mchanga, na si kwa sababu maji yamekupwa.

Boti yenye milango mingi ya maji kuliko zote ni ile ya injini ndani na mguu nje, iitwayo stendraivu. Muundo huu ulibuniwa na mhandisi Mmarekani, Jim Wynne, na kampuni ya Volvo Penta ya Uswidi ikautoa hadharani mjini New York mwaka 1959. Kwetu si nyingi kama zile za injini ya kuning'iniza nyuma. Utaziona zaidi kwa wavuvi wa michezo na wenye boti za starehe. Ili mguu utoke nje, ukuta wa nyuma wa boti hutobolewa tundu kubwa, na sehemu yake iko chini ya usawa wa maji. Kinachoizuia bahari isiingie ni mipira yenye mikunjo kama ya akodiani ya taarabu. Mmoja hufunika shafti na mwingine mwembamba hufunika waya wa gia. Mwingine hupitisha moshi, na huu ukipasuka kwa kawaida hauingizi maji ndani. Hiyo miwili ya kwanza ndiyo ya kuogopwa.

Utajuaje basi maji yanatoka wapi? Kausha ngama kabisa, kwa sponji na matambara, hadi ukiipangusa mkono utoke mkavu. Nyunyiza unga wa ngano au poda ya mtoto chini ya injini na kando ya ukuta wa nyuma. Shusha boti majini, usiwashe injini, kaa na tochi. Tochi, nasema, si kiberiti wala mshumaa, maana mvuke wa petroli hupenda kutulia humo humo ngamani. Tone la kwanza litachora mfereji kwenye unga, nawe utaufuata mfereji huo kurudi ulikotoka.

Unga ukibaki mkavu, washa injini. Injini ya namna hii huvuta maji ya bahari ili ijipoze, ikayazungusha na kuyatoa pamoja na moshi. Mpira wa maji uliochanika au kibano kilicholegea hugeuka bomba la kuijaza boti, na kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo maji yanavyoongezeka. Ukizima injini yakakatika, umekwisha kumjua mwizi wako.

Ladha nayo husaidia. Kama maji hayana mafuta, chovya ncha ya kidole, onja, kisha uteme. Yakiwa baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mvua iliyopita sitahani au kwenye skrubu za ubavuni. Ila wakati wa masika usikitegemee sana kipimo hiki ndani ya hori la Tudor au Port Reitz, kwa kuwa mito inayomwagika humo huipunguza chumvi.

Boti ikiwa nchi kavu, fanya kinyume. Tia maji ndani, yenye rangi ya chakula ukipenda, kisha zunguka nje ukitazama yanakochuruzika. Kina cha vidole vichache chatosha. Tela halikuundwa kubeba tani ya maji, na injini isiguswe nayo.

Ukishalipata tundu, litengeneze kwa dawa yake. Mpira wa mikunjo hauzibwi, hubadilishwa. Nimesikia habari za viraka vya tairi ya baiskeli kwenye mipira hiyo. Huko ni kujidanganya, kwani mpira huo hukunjwa na kukunjuliwa kila boti inapokata kona. Uinamishe mguu kulia na kushoto, uchunguze ndani ya mikunjo. Ukisikia ngurumo unapokata kona, huenda maji yamekwisha kuifikia beringi. Mafundi wengi huibadilisha mipira hii baada ya miaka michache hata ikionekana mizima, kwa sababu kazi kubwa ni kuung'oa mguu, si bei ya mpira.

Ukuta wa nyuma nao ugongwe kwa mpini wa nyundo. Boti nyingi za faiba zina mbao iliyofichwa humo, na skrubu moja ya ngazi iliyokazwa bila gundi ya kuzuia maji yatosha kuiozesha. Pakijibu kwa sauti kavu, pazima. Pakijibu kama kugonga papai bivu, hapo ni kazi ya fundi wa faiba, na ni ghali.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya watengenezaji haviwezi kutumalizia. Boti ikiegeshwa, wengi hushauri mguu uachwe chini, ili mipira ipumzike bila kuvutwa na chaza wadogo wasijishikize ndani ya mikunjo na kuikata. Lakini kwetu, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka hata mita 3. Ukiuacha mguu chini mahali pa kina kifupi, maji yakipwa boti itaukalia. Dawa ni kutia nanga penye kina hata maji yakipwa kabisa, au kuitoa boti majini kwa tela.

Imebaki nguzi, kile kizibo cha chini cha kumwagia maji. Kabla ya kumtwika lawama mpira wa mikunjo, tazama kama nguzi imefungwa na kama ringi yake haijachakaa. Tundu la upana wa sentimita 2.5, likiwa sentimita 30 chini ya maji, huingiza kama lita 40 kwa dakika. Wenye busara hufunga ufunguo wa injini na nguzi kwenye uzi mmoja, boti inapokuwa juu ya tela. Asiyeishika nguzi mkononi, injini haiwashi.