Mnunuzi Atiaye Saini na Mnunuzi Alipaye

Huko Marekani, mtu aliyerithi nyumba kuukuu, au aliyelemewa na deni la benki na kodi ya jengo, aghalabu hubishiwa hodi na mgeni amwambiaye kwamba yu tayari kuinunua kwa fedha taslimu, bila dalali wala matengenezo. Na mwenye nyumba, kwa ile dhiki yake, huona faraja imemjia mlangoni, asijue kwamba huenda mgeni huyo hana mali wala nia ya kuinunua nyumba, bali akitakacho ni ile haki ya kuinunua, apate kumhawilishia mwingine.

Hawala hii si haramu kwa asili yake. Kanuni ya sharia ni kwamba haki itokanayo na mkataba yaweza kuhawilishwa, ila mkataba wenyewe ukikataza, au sharia ya jimbo. Tuseme bei iliyoandikwa ni dola 150,000, na mtu wa kati akampata tajiri wa kutoa 165,000: siku ya kukabidhiana hati mwuzaji hupokea 150,000 zake kamili, na zile 15,000 ni ujira wa aliyehawilisha.

Mimi ujira huo haunitii hofu kama zinitiavyo siku za kungoja. Mara nyingi arbuni iliyowekwa ni dola 10 au 100 tu, na mkataba una kifungu cha ukaguzi kimruhusucho mnunuzi kujitoa apendapo. Basi asipompata tajiri huenda zake, naye mwuzaji amekwisha kupoteza majuma kadha huku tarehe ya mnada wa benki ikikaribia. Wako pia wanaosajili ilani ya mkataba katika ofisi ya kaunti, na hapo mwuzaji hupata taabu kumwuzia mwingine mpaka ilani iondolewe.

Illinois tangu 2019 imemlazimu kuwa na leseni afanyaye biashara hii mara mbili au zaidi katika miezi 12, na Oklahoma ikatunga sharia yake mwaka 2021. Lakini hifadhi iliyo karibu zaidi imo katika karatasi yenyewe: mwuzaji adai iandikwe kwamba hapana kuhawilisha bila idhini yake kwa maandishi, arbuni iwe ya kutosha na ishikwe na mtu wa tatu, na ukaguzi uwe wa siku chache zilizotajwa. Tena asikubali kumwondolea aliyehawilisha dhima yake, kwa kuwa hawala peke yake haimwondolei. Na kabla ya yote hayo amwombe mgeni hati ya benki, aone fedha hizo ni za nani.