Mjerumani Yupi? Sarufi na Ukweli wa Historia katika Masimulizi ya Walowezi wa Nyanda za Juu Kusini



Aliyesafiri kwa barabara kuu kutoka Iringa kwenda Mbeya anaijua Nyololo, wilayani Mufindi, mahali inapochepuka njia ya kwenda Igowole, Kibao na kwenye mashamba ya chai. Masimulizi kuhusu asili ya mashamba hayo yanaweza kufupishwa katika sentensi moja. Nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya mhadhara huu, lakini nadhani kila mtafiti wa fasihi simulizi wa nyanda hizo ataitambua: “Mjerumani alikuja, akampiga Mkwawa, akachukua ardhi, akapanda chai.”

Kila kishazi cha sentensi hiyo kina msingi wa kweli. Hata hivyo, sentensi nzima, ikisomwa kama historia, inapotosha. Ninalokusudia kuonyesha ni kwamba upotoshaji huo hautokani na udhaifu wa kumbukumbu za wazee. Unatokana na mwandishi anayeichukua sarufi ya masimulizi na kuigeuza kuwa tarehe bila kuichambua.

Tuanze na kiambishi -ka-. Sote tunajua kwamba kinaonyesha mfuatano wa matendo. Hakisemi lolote kuhusu urefu wa muda uliopita kati ya tendo moja na jingine. Sasa tutazame miaka yenyewe. Jeshi la Emil von Zelewski lilishindwa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Ngome ya Kalenga iliangushwa tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898. Kilimo cha chai cha mashamba makubwa huko Mufindi kilianza mwishoni mwa miaka ya 1920. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, chai katika koloni hili ilikuwa zao la majaribio, Amani katika Usambara na Kyimbila karibu na Tukuyu. Kwa hiyo kati ya “akampiga” na “akapanda” pana takriban miaka thelathini, na ndani ya miaka hiyo dola ya Kijerumani ilishindwa vita na kupoteza koloni.

Tatizo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi, ni umoja wa nomino yenyewe. Kiswahili hupenda kuutaja utawala mzima kwa jina la mtu mmoja: Mjerumani, Mwingereza, Mkoloni. Nomino hiyo ikishaingia katika ngeli ya kwanza, kiambishi nafsi a- huibeba hadi mwisho wa masimulizi, na msikilizaji humwona mtendaji mmoja aliyefanya yote. Wajerumani waliolima Mufindi walikuwa watu wengine. Baada ya vita, raia wa Ujerumani walifukuzwa Tanganyika. Waliruhusiwa kurudi kuanzia mwaka 1925, wakiwa watu binafsi chini ya serikali ya Kiingereza iliyoshika udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Hawakuwa na jeshi wala boma. Vita vya 1939 vilipoanza, walikamatwa kama raia wa adui na mali zao kuwekwa chini ya mlinzi wa serikali.

Wapo askari waliogeuka walowezi, nao hawaifai hadithi yetu. Tom von Prince, aliyeitwa Bwana Sakarani, ndiye aliyeanzisha boma la Iringa mwaka 1896 na kumwinda Mkwawa. Alipoacha jeshi alilowea Usambara, mbali kabisa na Uhehe, akauawa Tanga mwezi Novemba 1914. Natumia kitenzi *kulowea* kwa makusudi: mlowezi ni mtu aliyehamia akakaa moja kwa moja. Kuwaita askari wa Lugalo “walowezi”, kama vijitabu vingine vifanyavyo, ni kulipoteza neno zuri.

“Mwingereza” naye anahitaji kuulizwa alikotoka. Lord Delamere, aliyeitisha mkutano wa walowezi huko Tukuyu mwezi Oktoba 1925, alikuwa mlowezi wa Kenya, na azma yake ya kuzitandaza nyanda za walowezi kutoka Kenya hadi Rhodesia haikuwa sawa na sera ya Gavana Donald Cameron aliyefika Dar es Salaam mwaka huohuo.

Isidhaniwe kwamba masimulizi ya walowezi wenyewe, kwa kuwa yameandikwa, ni salama zaidi. Yanapenda kusema ardhi ilikuwa tupu. Hapa Kiswahili kina silaha ambayo wanahistoria wetu hawaitumii vya kutosha: kinatofautisha *pori* na *mahame*. Mahame ni mahali palipokaliwa, watu wakapahama. Baada ya miaka saba ya vita, mashamba na vijiji vilivyochomwa havikuwa pori. Mgeni aliyeviona vimeota majani hakuwa na neno la kuvitofautishia, akaandika kwamba hapakuwa na mwenyewe. Kwa familia inayodai kwamba babu yake alizikwa ndani ya shamba, tofauti ya maneno hayo mawili ni tofauti ya haki.

Basi mwanafunzi atakayekwenda Nyololo na kinasa sauti asimsahihishe mzee anayesema “wakati wa Mjerumani”. Maneno hayo huweza kumaanisha mwaka 1905, na huweza kumaanisha mwaka 1935, mwenye shamba akiwa Mjerumani na mkusanya kodi akiwa mtumishi wa Mwingereza. Amwulize: mshahara ulilipwa kwa rupia au kwa shilingi? Shilingi ilishika nafasi ya rupia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Asiulize kuhusu *hela*, kwani sarafu ya Kijerumani ya heller, iliyotolewa mwaka 1904, iliacha jina lake likiendelea kutumika kwa fedha za serikali zote zilizofuata. Kisha amwulize ni nani aliyekuwa akiamua kesi: akida, au baraza la mtwa?