Kabla ya kuuza kiwanja kwa ajili ya ada, jiulizeni haya

Barua ya kukubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya uandishi wa sayansi nchini Marekani ilipofika, baba alifurahi kuliko mimi. Ufadhili haukuwamo. Kesho yake alimpigia simu dalali.

“Mwanangu, kiwanja kitapatikana kingine,” aliniambia.

Nilimwomba wiki mbili. Ukweli ni kwamba niliomba chuo kile kwa kuvutiwa na jina tu. Tulipokaa mezani, tulijiuliza maswali matatu.

Kwanza, ninapungukiwa nini? Programu ya Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, inawalenga waliosomea sayansi, ili wajifunze kuandika. Mimi nimesomea uandishi wa habari. Kinachonitoa jasho kazini ni kusoma ripoti ya utafiti na kujua kama dawa imejaribiwa kwa panya au kwa maelfu ya watu. Kwa hiyo nilipaswa kukagua orodha ya masomo, siyo picha za majengo.

Pili, nani atalipa, na kwa muda gani? Programu ya MIT ni ya mwaka mmoja, ya Chuo Kikuu cha New York ni miezi 16. Miezi hiyo ya ziada ina kodi ya nyumba na chakula. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hulipia ada, nauli na posho kwa shahada ya mwaka mmoja, lakini mwombaji awe amefanya kazi kwa saa 2,800 au zaidi, na akimaliza arudi kwao kwa miaka miwili.

Tatu, nitamwandikia nani? Wasomaji wangu ni mama mwenye mtoto kliniki na mzee mwenye kisukari, wanaosoma Kiswahili. Ndipo tukaviangalia pia vyuo vya karibu: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Aga Khan kilichopo Nairobi.

Niliomba kuahirisha masomo, chuo kikakataa. Nafasi ikapotea, na nililia. Sasa nimeomba ufadhili, nasubiri majibu. Kiwanja kipo, mama amepanda mihogo.

Mzazi, mwanao akileta barua kama yangu, mpongeze kwa moyo wote. Kisha kaeni na maswali haya matatu kabla ya kumwita dalali.