Ukimvalisha Kobe viatu, pima kwanza mguu!

SIKU hizi vijana wameshika kasi kufufua Volkswagen za zamani, zile zenye mgongo kama kobe. Gari limelala uani miaka ishirini, kuku wametagia kwenye kiti cha nyuma, lakini leo limepigwa rangi mpaka unaweza kuchania nywele kwenye boneti yake.

Basi unalitazama kwa raha zako, viti vipya, vioo vipya, taa macho ya bundi. Ukishusha macho chini, loo! Gari la miaka ya sitini limevalishwa ringi za Toyota. Limekaa kama bibi harusi wa gauni jeupe na raba za mpira.

Msomaji, leo sizungumzii urembo peke yake. Gurudumu lisilo la gari lile linaweza kuchomoka likakutangulia barabarani. Nawe utabaki ndani unashangaa, eti lile tairi la nani linanipita?

Tuanze na hesabu kidogo, usikimbie. Kobe wa zamani ana tundu tano kwenye kila ringi, na tundu hizo zimekaa kwenye duara lenye upana wa milimita 205. Duara kubwa hilo. Kobe waliofuata wana tundu nne, duara lao milimita 130. Mabadiliko hayo yalianza 1966 na 1967, lakini kiwanda hakikuhamisha magari yote kwa siku moja. Yale ya bei nafuu yaliendelea na tundu tano wakati ndugu zake wana nne. Kwa hiyo achana na mwaka ulioandikwa kwenye kadi. Inama, hesabu tundu!

Sasa zile Toyota ndogo zilizojaa mitaani, akina Starlet na Vitz, nazo zina tundu nne. Fundi mwenye haraka ya kula mchana atakwambia, "Bosi, nne kwa nne, zinaingia hizi." Zinaingia wapi? Duara la Vitz ni milimita 100, la Kobe 130. Ili ziingie lazima ringi itobolewe upya, na ringi iliyotobolewa tobolewa karibu karibu ni bati la kuchujia nazi.

Kupima mwenyewe si kazi ya profesa. Ringi ya tundu nne, chukua rula, pima katikati ya tundu moja mpaka katikati ya tundu linalotazamana nalo. Basi. Ya tundu tano haina tundu linalotazamana na lingine, hivyo pima kutoka katikati ya tundu moja mpaka katikati ya jirani yake, halafu zidisha kwa 1.7. Ukipata milimita 120 na nusu kwenye rula, jibu litakuja karibu 205. Hapo umemkuta mwenyewe.

Kuna jamaa mmoja wa Temeke anayeuza simu na vocha, amenipa mkasa wake nikaona niulete hapa. Mzee wake alifariki akaacha Volkswagen chini ya mwembe. Kaka zake wakataka liuzwe chuma chakavu, lipimwe kwa kilo, wagawane. Mama mtu akakataa, lakini naye akachoka na ugomvi. Akatoa sharti: "Mwanangu, nakupa mpaka mwisho wa mwaka. Likinibeba mpaka makaburini kwa baba yako likanirudisha, linabaki. Likishindwa, waite hao wa mizani."

Jamaa akaingia kazini. Injini ikanguruma, breki zikashika, bodi ikanyooshwa. Kwenye magurudumu ndipo akakwama, kwa sababu ringi za mzee zilikuwa zimeliwa na kutu kuzunguka tundu za bolti mpaka kidole kinapenya. Mshikaji mmoja akamuuzia ringi za spoti, zinang'aa balaa, na kweli duara lake lilikuwa 205. Alipozishika tu akajua mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Alimkuta fundi mzee pale Gerezani, akamwomba amfungie. Mzee akachukua bolti moja, akaanza kuizungusha kwa vidole huku akihesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, nne. Ikagota.

"Mdogo wangu," akasema mzee, "bolti imeshika uzi mara nne tu. Mama unampenda?"

Hapa ndipo nataka usome polepole. Gari hili halitumii nati kama magari mengi ya Kijapani. Linatumia bolti zinazopita kwenye ringi na kuingia kwenye dramu la breki. Za tundu tano zina unene wa milimita 12, za tundu nne milimita 14. Kanuni ya mafundi ni kwamba bolti iingie kwenye uzi kwa kina kisichopungua unene wake. Uzi wa bolti hizi unasogea milimita moja na nusu kila mzunguko, kwa hiyo bolti ya 12 inatakiwa izunguke mara nane au zaidi kabla haijagota. Ringi za spoti huwa nene kuliko za bati, ndiyo maana bolti ya zamani inakuwa fupi. Na usiseme basi nitaweka ndefu yoyote. Ikizidi urefu inatokeza ndani ya dramu na kukwaruza viatu vya breki.

La pili ni kichwa cha bolti. Ringi ya bati ya kiwandani ina kikalio cha mviringo kama kijiko, na bolti yake ina bega la mviringo vilevile. Ringi nyingi za spoti zina kikalio chenye mwinamo wa pembe, kama funeli. Ukichanganya, bolti inagusa kwa ukingo mwembamba tu. Unakaza mpaka mishipa ya shingo inatoka, unajiona umemaliza kazi, kumbe baada ya kilomita chache imeshaanza kulegea.

Jamaa akarudisha zile ringi za spoti, na kwa bahati mshikaji wake alikuwa muungwana, akapokea. Akaanza kuzunguka kwenye yadi za spea za mtumba mpaka akapata ringi za bati saba, zimelala kwenye nyasi. Katika saba, tano ndizo zilizokuwa na afya.

Alizijuaje? Aliziosha kwanza kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, maana chini ya tope na rangi ndiko ufa unakojificha. Tazama kuzunguka kila tundu. Ufa hata mwembamba kama unywele, tupa. Usikubali mtu akwambie ataunga kwa kuchomelea. Halafu funga ringi bila tairi kwenye gari lililonyanyuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara, shikilia kipande cha chaki karibu na ukingo, zungusha. Chaki ikigusa pande zote sawa, ringi imenyooka. Ikigusa upande mmoja na kuruka mwingine, imepinda na usukani utakutetemesha kama mgonjwa wa malaria.

Ukishika habu za mbele, kumbuka jambo moja linalowatoa jasho wengi. Uzi wa ekseli ya mbele kushoto umekatwa kinyume. Nati inafunguka kwa kuzungushia upande unaodhani unaikaza. Watu wameharibu vyuma kwa kubishana na gari.

Rangi sasa. Wenye Kobe hupenda kupaka ringi rangi mbili, nyeupe na ya bodi, na zinapendeza kweli. Lakini pale bolti inapokaa, na upande wa nyuma unapolala kwenye dramu, usirundike rangi. Rangi nene hupondeka gari likianza kutembea, na ikipondeka bolti inabaki na nafasi. Ziba kwa gundi ya karatasi kabla ya kupuliza.

Kwenye kukaza, anza zote kwa mkono, halafu kaza kwa kuruka ruka kama unachora nyota. Shusha jeki, maliza kukaza gari likiwa limekanyaga chini. Tembea kilomita 50 mpaka 100, simama, kaza tena. Hata kama fundi wako ana jina kubwa mjini.

Matairi ya Kobe ni membamba, na wapo wanaoyaonea aibu. Aibu ya nini? Kwa magurudumu hayo hayo membamba Volkswagen ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na tena 1962, enzi barabara ni tope la kumeza ng'ombe. Tairi jembamba linakata tope mpaka lifike pagumu, na uzito wa injini ulioko nyuma unalikandamiza. Ukiweka tairi pana nyuma, pakia watu wazima wanne uone litakavyosugua madigadi.

Saizi ya kisasa inayolikaa vizuri ni 165/80 R15. Ringi nyingi za zamani hazina lile tuta dogo la ndani linalozuia tairi lisichomoke, hivyo tia tyubu. Tazama pia namba nne za tarehe ubavuni. Ikiandikwa 1219, tairi limetengenezwa wiki ya 12 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno yote na bado likawa limezeeka.

Upepo nao, jamani! Kijana wa pampu anajua namba moja tu, thelathini na tano, anajaza kote. Kobe mbele ni mwepesi, injini iko nyuma. Kwa matairi ya redio kama hayo, 18 mbele na 27 nyuma zinatosha kwa safari ya watu wawili. Ukijaza 35 mbele litarukaruka kama mbuzi.

Yule jamaa alimaliza mwezi wa kumi na moja. Mama alikaa mbele na kanga zake mbili, wakaenda, wakarudi. Kaka zake nao wakaomba wapigwe picha na gari.

Ringi ya tano aliifanya spea, na hiyo usiidharau. Kwenye Kobe wengi wa miaka ya sitini na sabini, upepo wa tairi la spea ndio unaosukuma maji ya kuoshea kioo cha mbele. Ukibonyeza maji yasitoke, kabla hujamwita fundi, nenda kapime spea.